Sanduku la Shokapu na Bakuli Langu la Kijani

Bakuli langu la kijani lina mfuniko unaobana sawasawa, na kwa miaka mitatu lilikuwa likienda kwa mkaguzi wetu wa kazini limejaa na kurudi kwangu tupu. Tena si tupu hivi hivi. Lilirudi limeoshwa, limekaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mfuniko wake umegeuzwa ili upate hewa. Ukilishika tu unajua limekaguliwa. Nami kila nilipolipokea nilikunja uso, maana kwetu Tanga bakuli la jirani halirudi namna hiyo. Unatia chochote ulicho nacho, ndimu mbili, kiganja cha sukari, hata majani ya chai. Yeye aliniambia asante, akageuka, akaenda zake, na mimi nikabaki nimelishika lile bakuli linalong'aa, nimenuna.

Mzee huyo alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya kupakua mizigo. Kazini kwetu ni Midrand, nje kidogo ya jiji la Jozi, kwenye banda refu nyuma ya maghala ya watu wanaosafirisha viatu na mafriji. Sisi tunatengeneza vipuri vya ndege za kivita, zile zinazoishi juu ya manowari. Nikiwaambia majirani zangu wa Doornfontein, wananicheka mpaka wanashika mbavu. "Dada, bahari iko wapi hapa Jozi?" Kweli, hakuna. Kutoka hapa mpaka ulione wimbi ni safari ya kutwa nzima. Lakini ndege zile huchoka, na vipuri vyake huchoka zaidi, na vikichoka hutiwa sandukuni vikaletwa kwetu, kwa sababu bosi wetu ana mikono ambayo wenye meli wanaiamini. Bosi ni mama wa Kizulu, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi wa ndege jeshini kabla hajafungua karakana yake, na bado hutembea kama anayechelewa gwaride.

Tunachotengeneza zaidi ni shokapu ya ndoano. Ngoja nieleze, maana najua utaniuliza. Ndege ikitua juu ya meli haina nafasi ya kukimbia. Basi inateremsha ndoano ya chuma mkiani, ndoano inadaka waya uliotandikwa kwenye sitaha, na ndege inasimama papo hapo. Sasa ndoano ikigonga sitaha, inataka kuruka juu iukose ule waya. Kinachoikandamiza ibaki chini ni shokapu, ndefu kama mkono wangu kuanzia begani mpaka vidoleni. Ikivuja au ikipasuka, rubani atapita juu ya waya na kukuta mbele yake maji matupu.

Niliingia pale kama mfagiaji. Siku moja napangusa meza, nikamwambia mkaguzi kwamba ile shokapu aliyoiweka upande wa nzima ina kutu chini ya grisi. Hakuniuliza nimejuaje, wala hakuniambia nishike ufagio wangu. Alifuta grisi, akawasha taa yake ndogo, akachukua lenzi, akakuta alama ya saizi ya punje ya mtama. Mimi nimekulia nyumba ambayo bawaba za madirisha zililiwa na chumvi kila mwaka, kwa hiyo kutu ya chumvi naijua kwa ncha ya kidole. Inakwaruza kabla haijaonekana. Wiki ile ile akamwendea bosi akamwambia, huyu mama asifagie tena, mupatie kazi yangu ya kufungasha. Ndivyo nilivyoanza kumpelekea chakula.

Alinifundisha kila kitu, na alifundisha polepole mpaka unatamani kumsukuma. Namna ya kufunga shokapu kwa karatasi ya mafuta. Namna ya kuilaza kwenye sponji nyeusi iliyochongwa umbo lake. Vifuko vya kunyonya unyevu, na kadi ndogo inayokuwa ya bluu kukiwa kukavu na kugeuka waridi unyevu ukiingia. Na juu ya yote, karatasi ya kuandika kilichomo.

"Mama," aliniambia, "ndani ya sanduku munakuwa kile karatasi inasema. Haina ingine. Hata kisoda. Kule kwa meli, kila asubuhi batu banapanga mustari, bega kwa bega, banatembea sitaha muzima banaangalia chini. Banaokota kifungo cha shati, kijiti, yote. Sababu injini inavuta kila kitu, na ikimeza, ndege inakufa."

"Mzee, na mtu akidondosha punje ya wali?"

"Anaokota."

Mwisho wa kila karatasi aligonga mhuri wake. Ulikuwa mdogo, wa duara, hauna jina, una namba tu. Aliuweka mfuko wa kushoto wa shati, umefungwa kwa kamba kwenye kifungo, na alikuwa na tabia ya kuugusa kila baada ya muda kuona kama upo. Mimi nilimtania kwamba hata mke haguswi hivyo. Lakini nilijua ulimgharimu nini. Alikuja mji huu na diploma ambayo hakuna aliyetaka hata kuisoma. Alilinda mlango wa duka la samani miaka sita, akiishi chumba cha kupanga kule Jeppestown, akisoma vitabu vya ufundi amesimama pale pale mlangoni. Mitihani akaifanya kwa Kiingereza, lugha yake ya nne, mpaka akapewa ile namba. Na mkaguzi akinyang'anywa mhuri, basi. Hakuna karakana nyingine itakayompa mwingine. Angerudi kufungulia watu milango.

Sasa ikaletwa shokapu moja yenye ufa mrefu, hata bosi alipoiona aliguna tu. Haitengenezeki. Wenye meli wakaandikiwa, wakajibu iharibiwe huku huku, asije mhuni akaiokota, akaipaka rangi, akaiuza kama nzima. Mkaguzi akaikata vipande vitatu kwa msumeno, kimya, uso umekaza kama wa mtu anayechinja. Likabaki sanduku. Sanduku lilikuwa lao, la alumini, zuri kuliko kabati langu, na lilitakiwa lirudi.

"Tupu, mama," aliniambia. Akalisafisha kwa mashine ya kuvuta vumbi, akapitisha taa kwenye kila kona, akaweka vifuko vipya na kadi mpya ya bluu. Kwenye karatasi, mahali pa kuandika kilichomo, akaandika hakuna. Akagonga mhuri. Kisha akaenda kula, maana siku hiyo nilikuwa nimemletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, na harufu ilikuwa imeshamfikia. Mimi nikabaki nifunge lachi na kutia lakiri ya waya, ile inayokatwa tu sanduku likifunguliwa.

Nikalitazama lile sanduku. Jamani! Watu wametutumia kitu chao kutoka mbali huko, tumekipokea, tumekikata vipande, halafu tunawarudishia chombo kitupu? Mtu akuletee sufuria ya nyama umpashie moto, nyama ikuharibikie mikononi, umrudishie sufuria nyeupe? Utamtazamaje usoni? Nikajaribu kufunga. Mkono ukakataa, wallahi. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kashata za nazi, nimezipika jana yake kwa ajili ya shughuli ya jirani. Nikatoa vipande vinane, nikavifunga kwa karatasi ya kaki, nikavilaza pale kwenye sponji, mahali pa shokapu. Vilikaa kama vimepimiwa. Nikafunga lachi, nikatia lakiri, na roho yangu ikatulia. Kutwa nzima niliimba.

Yale mambo ya mstari na kifungo cha shati hayakunijia kabisa. Najua utasema nilikuwa mjinga. Lakini kichwani mwangu yale yalikuwa mambo ya vipuri, na sanduku halikuwa na kipuri. Lilikuwa chombo cha watu kinachorudi kwao.

Wiki kadhaa zikapita nikasahau. Asubuhi moja bosi akatuita ofisini, mkaguzi na mimi. Kwenye kompyuta yake alikuwa amefungua ripoti kutoka kwenye meli, na ndani ya ripoti mlikuwa na picha. Kashata zangu! Zimelazwa juu ya kitambaa cheupe, rula pembeni. Zimepigwa picha kwa juu, zikapigwa kwa ubavu, zikapinduliwa zikapigwa kwa chini. Moja ilikuwa imekatwa katikati kuonyesha ndani. Katika maisha yangu sijaona kashata ikiheshimiwa kiasi kile. Chini yake waliandika: kitu kigeni, rangi ya kahawia, asili haijulikani, vipande vinane. Kadi ya unyevu imegeuka waridi. Karatasi inasema hakuna. Tunataka kujua ni nani aliyekagua.

Ningekuwa nimekaa nyumbani ningecheka. Pale sikucheka.

"Ni nini hiki?" bosi akauliza kwa Kiingereza, na alimtazama mkaguzi, kwa sababu mhuri ulikuwa wa mkaguzi. "Wanasema waraka wetu ni wa uongo. Wanaweza kutufutia idhini. Nani ametia hivi vitu?"

Mkaguzi aliinama akazitazama zile picha. Miaka mitatu anakula kashata zangu, anajua ninavyozikata mshazari, anajua kwamba natia iliki nyingi mpaka vidoa vyeusi vinaonekana. Hakunigeukia. Alifungua kifungo cha shati, akaitoa ile kamba, akauweka mhuri juu ya meza ya bosi, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mhuri ni wangu," akasema.

Na mimi? Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, ambaye niligombana na dereva wa taksi kwa sababu alipita robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, mimi nilijikausha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na kibali changu cha kukaa kimeshikana na mkataba. Niliona binti yangu na sare yake ya shule, nikaona mabegi, nikaona basi la kurudi Tanzania. Nikatazama sakafu. Bosi akatuambia twende, akasema ana fomu ya kujaza mpaka jioni na anataka jibu kabla ya hapo.

Nilifanya kazi saa zile kama nimelewa. Nilifunga boksi moja mara tatu. Kwa mbali nilimwona mkaguzi ameketi kwenye benchi akipanga skrubu kwa saizi, kazi ya mtu asiye na mhuri, na kila baada ya muda mkono wake unapanda kwenye mfuko wa kushoto, haukuti kitu, unashuka. Chakula nilikuwa nimempa tangu asubuhi kabla ya yale mambo. Saa ya mapumziko akanijia na bakuli la kijani. Limeoshwa. Limekaushwa. Mfuniko umegeuzwa.

"Asante, mama. Maharage ilikuwa muzuri."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimfuata mpaka nyuma kwenye stoo ya rangi, nikamfokea, eti mimi ndiye niliyemfokea!

"Mzee, kwa nini hukunitaja? Si umezijua?"

"Nimezijua."

"Sasa?"

"Karatasi inasema mimi nilikagua. Haisemi mama."

"Lakini nilitia wewe umeshaondoka!"

"Voilà, kosa ni ile. Nilipashwa kusimama pale mpaka lakiri. Sikusimama." Akashusha sauti, akaona haya kweli kweli. "Nilikimbilia samaki."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Miaka yote ile mlangoni pa watu, halafu aukose mhuri kwa ajili ya samaki wangu wa kupaka! Nikasema potelea mbali. Sikubisha hata hodi kwa bosi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Zinaitwa kashata. Ni nazi na sukari. Yeye alikagua sanduku likiwa tupu kabisa, mimi nikatia baadaye. Mrudishie mhuri wake."

Bosi aliweka kalamu chini. Kisha maneno yakamtoka, na kwa dakika kadhaa yakawa mengi. Kwamba ningemfungia karakana. Kwamba kupitisha chakula mipakani bila kukitaja ni kosa hata bila hiyo ndege. Kwamba watu wa ile meli walifikiri ni baruti, wakaliwekea sanduku ulinzi siku nzima. "Eish!" akamalizia, akakaa, akapangusa uso. Halafu akavuta fomu.

Fomu ile ni desturi ya kazi yetu. Kosa likitokea, unaulizwa kwa nini. Ukijibu, jibu lako linaulizwa tena kwa nini, mpaka mara tano, ili mzizi upatikane. Kwa kawaida mzizi huwa bisibisi iliyochakaa au taa iliyoungua. Bosi akamwita mkaguzi awe shahidi, akashika kalamu.

"Kwa nini kulikuwa na chakula sandukuni?"

"Nilikitia mimi."

"Kwa nini ulikitia?"

"Kwa sababu sanduku lilikuwa tupu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kwa nini kuwa tupu ni sababu?"

"Kwa sababu ni chombo cha watu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama yangu angenichapa."

"Kwa nini hakirudishwi kitupu?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Kwa sababu ukikirudisha kitupu umemaliza. Ni kama unasema usilete tena."

Kalamu ikakwaruza karatasi. "Kwa nini? La mwisho."

"Kwa sababu yule aliyekituma," nikasema, na Kiingereza changu kikaanza kunisaliti, "anakipokea, anafungua, haoni kitu, anabaki anajiuliza nimemkosea nini huyu mtu."

Bosi aliandika mpaka mwisho bila kubadilisha neno. Akasema bibi yake alikuwa hivyo hivyo, sahani ya mtu ilirudi na mahindi juu yake hata mwaka wa njaa. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaniandikia barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yangu, akanirudishia ufagio kwa wiki mbili. Mhuri haukurudi. Ungekaa kwenye droo yake mpaka meli ijibu, na meli ikikataa, yeye hana la kufanya.

Fomu ilihitaji saini ya mkaguzi. Aliisoma yote, polepole kama kawaida yake, kidole kinafuata mstari. Alipofika jibu la tano kidole kikasimama. Akainua macho akanitazama.

"Miaka tatu, mama?"

"Miaka mitatu, mzee."

"Na haukusema!"

"Kitu kama hicho mtu hasemi."

"Weye?" akasema. "Weye hausemi?"

Bosi alituuliza tunazungumza nini. Tukamwambia si kitu. Mkaguzi akatia saini, na jioni tukapanda taksi moja kurudi mjini. Alipokaribia kushuka ndipo akaniambia kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akibaki nyuma dakika kumi kila siku kuliosha lile bakuli, maji ya moto, mara mbili, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kunionyesha heshima. Niliona aibu mpaka masikioni.

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Nilifagia. Nilifagia mpaka sehemu ambazo hazijawahi kuona ufagio tangu banda lijengwe. Mkaguzi alipanga skrubu. Shokapu zilizokamilika zikaanza kupangana rafuni bila mhuri, haziwezi kwenda popote, na bosi akizipita anaguna. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kizulu au Kiingereza, alipojua habari alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza kama yule mzee atafukuzwa. Nikamwambia sijui. Akaacha kucheka, na usiku kabla hajalala akamtaja kwenye dua yake, kwa Kiswahili.

Jibu lilikuja Alhamisi. Bosi alitusomea amesimama. Chanzo cha kosa kimeeleweka na kukubaliwa. Tangu sasa sanduku lifungwe na mfungashaji na mkaguzi wakiwa pamoja. Mkaguzi hana hatia, arudishiwe mhuri. Kitu kigeni kimeshateketezwa kwa kufuata utaratibu. Hapo bosi akasita, akavuta karatasi karibu na macho. Chini kabisa mtunza stoo wa ile meli alikuwa ameongeza mstari kwa mkono wake: kimeteketezwa kwa kuliwa, watu wanane, hakuna aliyeumwa, na wawili wameuliza kama kuna sanduku jingine.

Nilipiga kigelegele humo humo ofisini. Bosi akanionya kwamba onyo langu bado lipo, hata kama mkataba ataurefusha, huku mashavu yakimvimba kwa kuzuia kicheko. Akafungua droo. Mkaguzi akaupokea mhuri kwa mikono miwili, akauleta kwenye taa, akatoa lenzi yake, akaukagua kama haujakwaruzwa huko drooni. Akaufunga kwenye kifungo. Akaupigapiga. "Bien, muzuri," akasema, akatoka haraka kwenda kwenye shokapu zake.

Ijumaa nikampelekea wali na samaki wa kupaka, makusudi. Jioni bakuli halikurudi. Nikamwona anaondoka nalo chini ya kwapa, hanitazami. Jumamosi na Jumapili nikawa najiambia, haya, umemwaibisha mzee wa watu, sasa hata bakuli umelipoteza.

Jumatatu nilipofika lilikuwa juu ya meza yangu. Mfuniko umefungwa, na juu ya mfuniko umepita waya, na kwenye waya kuna lakiri, ile ile tunayotia kwenye masanduku ya meli. Pembeni inaning'inia lebo ya kijani tunayofunga kwenye vipuri vizima. Mkaguzi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, shati limepigwa pasi.

"Nasimama mpaka lakiri," akaniambia.

Nikaisoma lebo. Mahali pa namba ya kipuri, amepiga mstari. Jina: mikate ya kukaanga ya Lubumbashi. Idadi: nane. Hali: muzuri, imetoka leo asubuhi. Na chini, mahali pa mkaguzi, mhuri wa duara, wino umekolea, namba inasomeka yote.

Nikakata waya kwa koleo. Nikafungua. Nikaitoa mmoja mmoja mbele yake nikahesabu kwa sauti, kama alivyonifundisha, na ilikuwa minane. Ilikuwa bado na joto. Nilisimama pale na bakuli langu mkononi, nikalia kama mtoto, na yeye akaniuliza kwa hofu kama kuna kilichozidi.

"Hakuna, mzee," nikamwambia. "Karatasi iko sawa."